Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Chuo cha Uhandisi Marekani kwa Kutegemea Ufadhili wa Ufaulu

Mwanafunzi anayetaka kusomea uhandisi Marekani kwa ufadhili unaotolewa kutokana na alama zake nzuri huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ni chuo gani kinatoa fedha nyingi. Swali linalomfaa zaidi ni kiasi ambacho familia yake italipa kila mwaka baada ya kutoa thamani ya ufadhili, na kama kiasi hicho kitabaki hivyo hadi atakapohitimu. Tuchukue mfano: ufadhili wa dola 25,000 katika chuo chenye gharama ya dola 80,000 kwa mwaka unaiachia familia mzigo wa dola 55,000, ilhali ufadhili wa dola 12,000 katika chuo cha umma cha dola 30,000 unaiachia dola 18,000 tu. Gharama hiyo lazima ijumuishe malazi, chakula, vitabu, nauli na ile ada ya ziada ambayo vyuo vingi huwatoza wanafunzi wa uhandisi.

Kabla ya kuandaa orodha ya vyuo, ni vizuri kujua kwamba vyuo kama MIT na Harvard havitoi ufadhili wa ufaulu hata kidogo. Fedha zao hutolewa kwa kuangalia uhitaji wa familia pekee. Kwa familia yenye kipato kidogo, huenda vyuo hivyo vikawa nafuu kuliko vinavyodhaniwa, lakini kwa ile ya kipato cha kati, alama za juu hazitapunguza ada yao. Tangu mwaka 2011, sheria imevitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za msaada wa wanafunzi viwe na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Mzazi na mwanafunzi wakijaze pamoja, wakiwa na nyaraka za kodi mkononi, kabla ya kulipia ombi lolote. Kikokotoo kisichouliza alama za mwanafunzi hakiwezi kukadiria ufadhili wa ufaulu.

Upo pia ufadhili wa moja kwa moja, ambapo chuo huchapisha jedwali linaloonyesha kiasi anachopata mwombaji kulingana na GPA (wastani wa alama zake, kwa kawaida hadi 4.0) na matokeo ya SAT au ACT, mitihani ya kujiunga na vyuo vya Marekani, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi katika University of Alabama. Kwa maoni yangu, kila orodha iwe na angalau vyuo viwili vya namna hii, kwa sababu ufadhili wa kushindaniwa haufai kuhesabiwa mpaka barua yake ifike. Tarehe ya mwisho ya kuomba ufadhili huweza kutangulia ile ya udahili kwa wiki kadhaa, na wengi hukosa fedha kwa sababu hiyo tu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni masharti ya kuendelea kupata ufadhili. Mwaka wa kwanza wa uhandisi hubeba kalkulasi, fizikia na kemia kwa pamoja, na mwanafunzi aliyezoea kuongoza darasa anaweza kujikuta na GPA ya 2.9 bila kuwa mzembe. Sharti la 3.0 na lile la 3.5 ni mambo mawili tofauti kabisa. Chuo kiulizwe kwa maandishi kama tathmini hufanyika kila muhula au kila mwaka, kama kuna kipindi cha kujirekebisha, na kama ufadhili uliopotea hurejeshwa alama zikipanda. Kiulizwe vilevile kama ufadhili unaoishia mihula minane husimamishwa kwa muda mwanafunzi anapokwenda kufanya kazi viwandani, kwa kuwa mipango hiyo ya kupishanisha masomo na kazi, iliyoanzia University of Cincinnati mwaka 1906, huweza kurefusha masomo hadi miaka mitano.

Ithibati ya ABET, shirika linalokagua ubora wa programu za uhandisi, hutolewa kwa programu, si kwa chuo kizima, hivyo ni lazima ikaguliwe kwa jina la shahada yenyewe, hasa kwa anayetarajia leseni ya uhandisi. Baadhi ya vyuo, Texas A&M kikiwemo, huwadahili wanafunzi katika uhandisi wa jumla kwanza, kisha huwapangia idara baadaye. Kukosa idara uliyoifuata huku ufadhili ukiwa umekufunga hapo ni hali ngumu sana.

Mikopo ya serikali kuu, ambayo wanafunzi wa kigeni hawaipati, kwa kawaida huwa na kikomo cha dola 5,500 mwaka wa kwanza kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, kwa hiyo haiwezi kuziba pengo kubwa. Vyuo vingi hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei. Kabla ya siku hiyo, familia yenye barua ya ufadhili mnono zaidi kutoka chuo kingine inaweza kuandika kwa heshima, ikiambatisha barua hiyo, na kuomba ufadhili uangaliwe upya.