Ekzosi Ikizidi Moto, Usikimbilie Kuifunga Kitambaa
Wenzangu wa Tabora mlioongeza nguvu magari ya tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini): boneti ikichemka mpaka waya zinanuka, mwambie fundi apime kwanza mchanganyiko wa mafuta na hewa, na muda wa cheche, yaani wakati plagi inapowasha mafuta. Petroli ikipungua au cheche ikichelewa, joto jingi linahamia kwenye ekzosi. Kuifunga kitambaa cha kuzuia joto hapo ni kuficha ugonjwa.

Kama viko sawa, weka bati la kukinga joto kati ya tabo na waya, liachiwe upenyo wa hewa pande zote mbili. Kitambaa mimi sikipendi. Kinashika maji ya mvua, Novemba mpaka Aprili, na bomba linaliwa na kutu humo ndani huoni.

Ukifika na mwendo mkali kutoka Nzega, iache injini kwenye sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika 1 au 2 tabo ipoe, ndipo uzime.