Kupanga rangi za mkeka zisimezane

Mwongozo huu ni wa anayejua tayari kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, lakini mkeka wake ukitandikwa ukumbini maua hayaonekani. Mara nyingi ukili hauna kosa. Rangi ndizo zinazomezana.

1. Ukindu, yaani majani ya mkindu. Anika, chana, chambua. Wenye madoa usiubakishe mweupe, utie rangi nyeusi.

2. Rangi. Tatu zinatosha, weupe wa ukindu wenyewe ukiwemo. Nyeupe, nyeusi na nyekundu hazijaniangusha. Mikeka ya rangi sita inayopangwa madukani Chake Chake inavutia ikiwa imekunjwa; ikitandikwa ni vurugu.

3. Jaribio. Hapa usiwe na haraka. Chemsha chane chache za kila rangi, zikauke kabisa, maana ukindu uliorowa huonekana umeiva kuliko ulivyo. Suka kipande cha shubiri moja, kiweke mlangoni mchana, kipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kimoja, zimemezana.

Jozi inayoponza wengi ni nyekundu iliyoiva na kijani cha jani la mwembe. Mkononi zinagombana, lakini ukizitazama kutoka barazani zimekuwa kitu kimoja, kwa sababu zinalingana kwa giza. Wapo pia watu, hasa wanaume, wasioweza kabisa kuzitofautisha. Huna haja ya kuitupa kijani: punguza unga wa rangi mpaka ifanane na jani changa la mgomba, au pitisha mstari mweupe katikati.

Tazama tena usiku. Chini ya taa ya mwanga wa manjano, rangi ya manjano iliyo kando ya nyeupe inapotea.

Na rangi hubadilishwa na jirani yake. Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Alipochunguza akakuta nyeusi ni nzima. Kilichoipausha ni buluu na zambarau zilizowekwa ubavuni mwake. Kitabu chake kilitoka 1839. Basi nyeusi yako ikififia kando ya zambarau, usiongeze unga. Ihamishie kwenye nyeupe.

4. Upana. Chane nyeupe na nyekundu zikipishana mojamoja, mtu aliye mbali anaona waridi. Peleka rangi moja chane tatu au nne pamoja ndipo ubadilishe.

5. Kuchemsha. Kwa sufuria moja, anza na manjano, ifuate nyekundu, nyeusi iwe ya mwisho. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha sugua chane kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika rangi, suuza tena. Ukipuuza hili, siku ya kusuka utaulowanisha ukindu usikatike, nyekundu itachujuka na kuipaka nyeupe, na jaribio lote la hatua ya 3 limekwenda bure.

6. Kuuza kwa picha. Tandika juu ya saruji, si juu ya zulia la maua. Piga alasiri, jua la saa sita linaunguza weupe wote. Maelezo yataje rangi na inapokaa: “maua meusi juu ya ukindu mweupe, pindo jekundu”. “Rangi za kuvutia” haimwambii mnunuzi wa Dar es Salaam kama mkeka utaonekana kwenye sakafu yake ya vigae vyeupe.