Somo: Kupiga picha michoro ya Tingatinga bila kumdhulumu mchoraji

Kila wiki naulizwa: naweza kupiga picha mchoro wa Tingatinga na kuitumia au kuiuza? Basi najibu kwa maandishi mara moja.

1. Soma saini. Mara nyingi iko pembeni chini.

2. Uliza kama mchoraji yu hai. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999, hakimiliki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alifariki 1972, hivyo muda wa kazi zake uliisha mwisho wa 2022. Kazi zake mwenyewe tu! Chui aliyechorwa na kijana wa leo kwa mtindo huohuo ni wa huyo kijana.

3. Pata ruhusa ya maandishi. Hapa niliteleza vibaya. Nilinunua mchoro wa kanga wawili chini ya mbuyu, nikaupiga picha, nikachapa kalenda 200. Mchoraji akaikuta moja dukani, akanipigia: "Kaka, nilikuuzia ubao, sikukuuzia kanga wangu." Nilikosa la kusema. Nikazirudisha zote kutoka madukani na kumlipa. Ukinunua mchoro umenunua kitu cha kutundika. Haki ya kuunakili inabaki kwake mpaka akupe. Andikeni mchoro upi, matumizi gani, nakala ngapi, kwa muda gani. Msitegemee maneno ya mdomo, hata kama mmezoeana.

4. Taja jina lake kila unapoitumia picha.

MASWALI

– Picha ya mchoro nimeitoa Google, nikaandika "haki zote za mwenyewe". Inatosha?
Haitoshi. Rudi namba 3.

– Mbona wote wanafanya?
Na wote wanamdhulumu mchoraji.

– Samahani mwalimu, je, Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam?
Swali zuri sana, dada. Aliyeichonga, James Alexander Stevenson, alifariki 1937. Hesabu miaka 50: muda umeshapita zamani. Piga, chapa, uza. Ila ukitumia picha aliyoipiga mtu mwingine, huyo naye ana haki yake.

– Niko Mombasa. Michoro ya ukutani barabarani?
Sheria ya Kenya inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyo mahali panapoonekana na umma. Ukiuza Uingereza angalia: huko sanamu na majengo ruksa, mchoro wa ukutani hapana.

– Ruhusa ninayo, lakini picha zangu zina doa jeupe katikati.
Rangi ya michoro hii inang'aa kama kioo. Zima flashi, toa mchoro nje, uweke kivulini.

– Naongezea: vaa shati jeusi. Langu jeupe lilionekana lote kwenye tumbo la tembo.
Ahsante, hilo sikulijua.