Koa bahari, mnyoo bapa au kauri? Namna ya kuwatofautisha maji yakipwa

Ili kuwaona koa bahari, yaani konokono wasio na kombe, na viumbe wanaofanana nao, nenda upande wa mashariki wa Unguja, huko Paje na Jambiani, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu baadaye. Maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, ukingo wa mwamba, wenye viumbe wengi zaidi, hauonekani. Anza muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajakauka kabisa, uyafuate maji yanavyotoka, na rudi yanapoanza kujaa, kwa sababu mifereji iliyo nyuma yako hujaa kwanza. Usikanyage kamba za wakulima wa mwani.

Vaa viatu vya soli ngumu. Beba bakuli jeupe la plastiki, rula, lenzi ya mkono ya mara 10, na penseli, kwani kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.

Watafute kwenye sifongo, wanyama wa bahari wenye vitundu wanaoganda mwambani, na chini ya mawe ya matumbawe yaliyokufa. Inua jiwe taratibu, subiri tope litulie, tazama, kisha lirudishe upande uleule. Ukiliacha limepinduka, viumbe wa chini huunguzwa na jua na mwani wa juu hufa kwa giza. Matumbawe hai usiyaguse.

Wanaoanza hukosea kwa sababu hushika rangi. Rangi hudanganya: wapo minyoo bapa wanaofanana mno na koa bahari. Tazama umbo. Koa bahari wengi wana pembe mbili nene kichwani, za kunusia, na aina nyingi zina shada la matamvua mgongoni, karibu na mkia. Akiguswa huyafyata yote, kwa hiyo mwache bakulini dakika chache ndani ya maji ya dimbwi lake, yenye kina cha sentimita 5 hivi, mpaka ayatoe. Mnyoo bapa ni mwembamba kama karatasi, hana matamvua, na “pembe” zake ni ukingo wa mwili uliokunjwa tu. Huyu usimbandue kwa vidole, atachanika. Mpige picha hapohapo alipo.

Wa tatu ni kauri, konokono mwenye kombe, akiwa hai. Nyama yake yenye vinyweleo hupanda na kulifunika kombe zima, ukadhani ni koa. Mguse kwa ncha ya unyasi: nyama hujivuta na kombe linalong’aa hutokea.

Utepe mweupe, wa manjano au wa waridi uliojizungusha juu ya jiwe huenda ni mayai ya koa. Mzazi mara nyingi hayuko mbali, basi tafuta hapo kwanza.

Konokono yeyote mwenye kombe lenye umbo la pia usimshike, hata upande mpana: ana mwiba wa sumu unaofika mbali kuliko unavyodhani, na aina kubwa zimeua watu.

Kwa kila kiumbe piga picha tatu kivulini: juu, ubavuni na kichwani, rula ikiwa pembeni. Picha ya juu peke yake mara nyingi haitoshi, maana haionyeshi mguu wala mdomo. Andika saa, kina, na alikuwa juu ya nini. Aina ya sifongo mara nyingi hupunguza orodha, kwani koa wengi hula sifongo chache tu. Maji ya bakuli hupata joto upesi, basi yabadilishe kila dakika tano, kisha mrudishe jiwe lilelile.