Somo: jinsi ya kutambua hoja mbovu kabla hujaijibu

Kila mara natumiwa mabishano ya kundi la mtaa hapa Kisumu na kuulizwa, "Nani amekosea?" Nimeandika hatua zote hapa, na kuanzia leo nitawaelekeza huku.

1. Tafuta mtoa hoja anataka ukubali nini.

2. Tafuta sababu alizotoa. Kama hakuna, muulize kwanza.

3. Angalia kama sababu inagusa jambo au mtu. Ukilalamikia mashimo barabarani nikakujibu "wewe hata si wa hapa", mashimo bado yapo.

4. Hesabu njia anazokuachia, uone kama amesahau nyingine. "Usipounga mkono mradi unapinga maendeleo" inamsahau anayeutaka mradi ila anapinga gharama yake.

5. Tenganisha kutangulia na kusababisha. Hapa ndipo wengi hunaswa. Ukikaa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, utasikia kwamba gugumaji, mmea unaoelea majini, ndilo lililomaliza furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Pima miaka: furu waliporomoka miaka ya 1980, na gugumaji likaanza kuonekana ziwani karibu 1990. Kilichokuja nyuma hakiwezi kuwa chanzo. Mwingine atarukia mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950. Huyo naye usimkubalie kwa tarehe tu, maana mengi yalitangulia. Kinachoipa hoja yake uzito ni matumbo ya mbuta: watafiti waliyapasua wakakuta furu, na furu walipoadimika wakakuta omena (dagaa) na uduvi. Hata hivyo, uvuvi wa kupita kiasi na uchafuzi wa maji havijaondoka mezani.

ONYO: ukipata kasoro umeangusha sababu, hujaangusha jambo lenyewe. Mtu akikuambia uchemshe maji ya ziwa kwa kuwa babu yake alichemsha, sababu ni hafifu. Chemsha.

MASWALI

Jirani wa Kondele: Nifupishie, ni ndefu.
— Hatua ya 1 na ya 2 ni mistari miwili. Anza nazo.

Mpiga kura: Kwa hiyo tusiseme kiongozi ni mwizi? Unawatetea?
— Sijamtetea yeyote. Kama mnajadili nani ashike pesa za umma, uaminifu wake ndilo jambo lenyewe. Rudia hatua ya 3.

Muuza omena, Kibuye: Mteja aliniambia naisifu omena yangu kwa sababu naiuza. Amekosea?
— Swali zuri sana, dada. Ukisema "niamini, imekauka vizuri", unamwomba aliamini neno lako, kwa hiyo ana haki ya kuuliza unafaidika vipi. Lakini akivunja mmoja akaona amekauka, akasugua wachache kiganjani asipate mchanga, ushahidi uko mkononi mwake. Hapo kusema "wewe ni muuzaji tu" ni kukwepa.

Mwalimu, Kakamega: Na anayefunga mjadala kwa methali?
— Mwalimu, mpe ya pili. Akisema "haraka haraka haina baraka", iko pia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Sasa aonyeshe kwa nini ya kwake ndiyo inayofaa kwenye jambo lenu.

Katibu wa chama: Kwetu, kabla ya kumpinga mtu, ninamsomea alichosema na kumuuliza, "Ndivyo?" Akikataa, anarekebisha kwanza. Tulikuwa tunapinga maneno ambayo hakuna aliyeyasema.
— Asante, katibu. Naiweka kati ya hatua ya 2 na ya 3. Je, mtu akibadilisha maneno baada ya kusomewa, mnaandika yapi?

Katibu wa chama: Yote mawili, na saa.