Makro ya vifurushi kwenye Emacs: ianze ndogo, ikue taratibu

Faili la init.el, lenye mipangilio ambayo kihariri cha Emacs huisoma kila kinapowashwa, likishakaa mwaka mmoja, utakuta nusu yake ni with-eval-after-load ile ile (inayosubiri kifurushi, yaani nyongeza ya Emacs, kipakiwe ndipo itekeleze mwili wake), imenakiliwa na kubandikwa tena na tena. Hapo ndipo makro (msimbo unaokuandikia msimbo mwingine) inapostahili kuandikwa, si kabla. Subiri umbo lijirudie mara tatu ndipo uliingize. Ukiwahi utabaki na vipengele usivyovitumia, na kuvitoa ni kazi kubwa kuliko kuviweka, maana kila bloku inayovitegemea itavunjika.

Anza na hii:

```
(defmacro kifurushi (jina &rest mwili)
  (declare (indent 1))
  `(with-eval-after-load ',jina
     ,@mwili))

(kifurushi org
  (setq org-log-done 'time))
```

Alama mbili ndizo zinazosumbua hapa. Ukisahau nukuu iliyo mbele ya ,jina, Emacs itaitafuta variabo iitwayo org na kulalamika kwamba haina thamani. Hilo linaonekana papo hapo. La ,@mwili ni baya zaidi: ukiandika ,mwili bila @, orodha nzima inaingia na mabano yake, na Emacs inadhani setq yako yote ni jina la funksheni. Ujumbe wa "Invalid function" hautokei unapowasha Emacs, unatokea siku utakapofungua faili la Org (kifurushi cha madokezo na orodha za kazi). Ndiyo maana kila ukiigusa makro, weka kishale mwishoni mwa bloku moja, piga M-x (Alt na x) pp-macroexpand-last-sexp, usome kilichotoka.

Hatua ya pili ni kuzuia kifurushi kimoja kisiangushe vingine. Kosa ndani ya bloku linaikatiza amri iliyokipakia kifurushi. Na kama kilipakiwa wakati init.el inasomwa, mistari yote inayofuata haisomwi. Wengi hukimbilia condition-case, lakini hiyo humeza kosa hata pale unapotaka kulichunguza. Tumia condition-case-unless-debug: ukiwasha Emacs kwa --debug-init, au ukipiga M-x toggle-debug-on-error, dibaga (chombo cha kuchunguza makosa) inafunguka kama kawaida.

Hatua ya tatu ni vitufe, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiweka kitufe cha magit-status ndani ya bloku ya magit (kifurushi cha kutumia Git), hakitafanya kazi: bloku inasubiri magit ipakiwe, na magit inasubiri ubonyeze kitufe. Kwa hiyo vitufe lazima vitoke nje ya with-eval-after-load:

```
(defmacro kifurushi (jina &rest mwili)
  (declare (indent 1))
  (let (vitufe)
    (when (eq (car mwili) :vitufe)
      (setq vitufe (cadr mwili)
            mwili (cddr mwili)))
    `(progn
       ,@(mapcar (lambda (k)
                   `(keymap-global-set ,(car k) #',(cdr k)))
                 vitufe)
       (with-eval-after-load ',jina
         (condition-case-unless-debug kosa
             (progn ,@mwili)
           (error
            (display-warning 'kifurushi
              (format "%s: %s" ',jina
                      (error-message-string kosa)))))))))

(kifurushi magit
  :vitufe (("C-x g" . magit-status))
  (setq magit-diff-refine-hunk t))
```

keymap-global-set ipo kuanzia Emacs 29. Kwenye matoleo ya nyuma tumia global-set-key pamoja na kbd.

Je, uongeze neno jingine kama :vitufe kwa mipangilio inayotakiwa kabla ya kifurushi kupakiwa, kama evil-want-keybinding kwa wanaotumia evil-collection (vitufe vya mtindo wa Vi kwa vifurushi vingine)? Hapana. Setq ya kawaida juu ya bloku inatosha.

Ukishabadilisha makro, bloku zilizokwisha kusomwa zinabaki na umbo la zamani. Kuitathmini defmacro peke yake hakuzigusi. Na ukiitathmini bloku upya wakati kifurushi kimeshapakiwa, mwili wake unatekelezwa palepale, kwa mara ya pili. Kwa setq hakuna madhara. Kwa add-hook (inayoongeza funksheni ya kuitwa tukio fulani linapotokea) yenye lambda, yaani funksheni isiyo na jina, uliyoihariri, ile ya zamani haiondoki, zinakuwa mbili na zote zinafanya kazi. Zipe funksheni za hook majina, au zima Emacs uwashe upya kabla hujaamini unachokiona.

Kama umeihamishia makro kwenye faili lake na unakompaili mipangilio, faili linaloitumia liwe na require (amri ya kulipakia faili la makro) ndani ya eval-when-compile. Bila hiyo kompaila itaiona kifurushi kama funksheni ya kawaida, na kosa litakalojitokeza ni lile lile la variabo org isiyo na thamani, ingawa nukuu ipo mahali pake. Weka pia load-prefer-newer iwe t mapema kabisa, la sivyo Emacs itaendelea kusoma .elc (faili lililokompailiwa) ya zamani huku wewe ukihariri .el.

Ukifika mahali unataka neno la nne au la tano, hamia use-package, makro iliyokwisha kuandikwa kwa kazi hii hii. Ilianzishwa na John Wiegley, na tangu Emacs 29 ya mwaka 2023 inakuja ndani ya Emacs yenyewe. Mwili wako unaingia kwenye :config, vitufe kwenye :bind, na ile setq ya juu kwenye :init. Angalia :hook tu: jina huandikwa bila -hook, yaani (prog-mode . hl-line-mode), kwa kuwa makro inaiongeza yenyewe. Ukiiandika -hook mwenyewe unaweza kuishia na jina lenye -hook-hook, ambalo hakuna kinacholiita.