Kabla Hujafunga Safari ya Mayotte

Mtu wa Bukavu, Bujumbura au Moroni akisikia Mayotte, husikia Ufaransa. Hajakosea: tangu 31 Machi 2011 kisiwa hicho cha Bahari ya Hindi, ambacho Wakomoro hukiita Maore, ni mkoa kamili wa Ufaransa, wa 101, na sarafu yake ni yuro. Lakini Ufaransa ya Mayotte ina sheria zake, na ndizo zinazowaliza watu waliokwisha kufika. Nakuomba uzisikie kabla hujauza kiwanja.

Kubwa kuliko yote ni hili: kibali cha ukaazi kinachotolewa Mayotte, kwa kawaida, kinakuruhusu kuishi Mayotte tu. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 374. Unaweza kuwa na kadi halali mfukoni, umelipia ada zote, na bado usiweze kupanda ndege pale Pamandzi, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa, ukashuka Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, au Paris kama mtu anayetoka Mombasa kwenda Nairobi. Lazima uombe idhini ya pekee, na unaweza kunyimwa. Sheria ya 11 Agosti 2025 imepanga kukiondoa kizuizi hiki, ila kuanzia 2030. Waliotambuliwa kuwa wakimbizi hawabanwi nacho. Kwa hiyo yule anayekwambia "wewe fika tu Maore, Paris utajipeleka", muulize kadi yake ilitolewa wapi na ni ya aina gani.

Pili, Mayotte haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen peke yake haikuingizi; viza yako lazima iwe imetolewa kwa ajili ya Mayotte. Wakomoro nao wanadaiwa viza tangu Januari 1995, ingawa Anzuani, kisiwa chao cha jirani, iko umbali wa kilomita 70 hivi, na wengi wao wana shangazi, wajomba na makaburi ya wazee wao upande wa pili. Linauma, na mimi sioni aibu kusema kwamba linauma. Tangu hapo watu wanavuka usiku kwa kwasa-kwasa, mashua za wavuvi zilizofungwa injini, na waliozama hakuna aliyewahi kuwahesabu wote. Ukinusurika, bado kuvuka bila viza kunakufuata: sheria hiyo ya 2025 inataka anayeomba kibali kwa sababu ya familia awe aliingia kwa viza ya ukaaji mrefu. Na kukamatwa si jambo la mbali. Mwaka 2022, na tena 2023, walirudishwa zaidi ya watu 20,000, wengi wao wakipelekwa Anzuani. Amri ya kuondoka inaweza kutekelezwa upesi sana, kwa sababu huko rufaa ya kawaida haiisimamishi kama inavyoisimamisha Ufaransa bara. Andika namba ya wakili au ya chama cha msaada wa sheria kwenye karatasi, maana simu inaweza isiwe mkononi mwako.

Kwa ndugu wanaokimbia vita Kongo, au mateso Burundi, njia iliyopo ni kuomba hifadhi. Maombi husikilizwa na shirika la Ufaransa liitwalo OFPRA. Ukikataliwa una mwezi mmoja wa kukata rufaa, na mwezi huo huisha haraka kuliko unavyodhani. Omba mkalimani wa lugha unayoiota. Kama Kifaransa chako ni cha darasani, sema Kiswahili, au Kinyarwanda, au Kirundi, ueleze mambo yako kama yalivyokutokea: siku gani, nani aligonga mlango, mlikimbilia wapi kwanza. Usinunue kisa cha mtu mwingine. Afisa akikuuliza swali la tatu juu ya jambo ambalo hukuliona kwa macho yako, utakwama, na kisa chako cha kweli hakitaaminiwa tena. Jiandae pia kwa maisha ya kungoja. Posho ya fedha anayopata mwombaji wa hifadhi Ufaransa bara haitolewi Mayotte; kuna vocha za chakula. Kambi ya mahema na maturubai iliyokuwa kwenye uwanja wa Cavani, Mamoudzou, walimojaa watu wa Maziwa Makuu na Wasomali, ilibomolewa mwanzoni mwa 2024.

Mama mjamzito asidanganywe kwamba mtoto akizaliwa huko amekwisha kuwa Mfaransa. Sheria ya Septemba 2018 ilidai mzazi mmoja awe na ukaazi halali wa zaidi ya miezi mitatu kabla ya uzazi. Ile ya 12 Mei 2025 imekaza zaidi: wazazi wote wawili, mwaka mmoja kamili, isipokuwa pale ambapo mtoto ana mzazi mmoja tu kisheria. Kumtafuta mwanamume wa kukubali mtoto asiye wake ni jinai.

Na mtoto uliye naye, mlindie karatasi zake. Mwaka 2013 watoto wawili, wa miaka mitatu na mitano, walirudishwa Anzuani wakiwa wameandikwa chini ya mtu mzima asiye mzazi wao, huku baba yao akiishi Mayotte kihalali. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Ufaransa hatiani kwa hilo mwaka 2020. Miaka saba ilipita. Kila anayemlea mwanao awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya kibali chako.

Matibabu pia yafikirie mapema, hasa kama una kisukari au presha, kwa kuwa ule msaada wa matibabu ambao Ufaransa bara huwapa wasio na vibali haupo Mayotte.

Mwisho ni karatasi zenyewe. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiling'oa mabati ya mitaa mizima, na ndani ya vibanda vile mlikuwa na vyeti, risiti za miadi, barua za mahakama. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, uzitume kwa mtu unayemwamini aliye nje ya kisiwa. Zile za asili zifunge katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ulale nazo karibu.